Bega linauma nikinyanyua mkono, fizio ananichua tu. Niendelee kulipa au niache?

RangiTabata

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wenye uelewa. Mi ni fundi rangi hapa Dar, kazi zangu nyingi ni za ndani, siling na skimu (kulainisha ukuta kabla ya rangi), kwahiyo mkono wa kulia muda mwingi uko juu. Tangu baada ya Pasaka bega limeanza kuuma, na siyo pale juu kwenye mtulinga, ni huku upande wa nje halafu maumivu yanateremka mpaka katikati ya mkono. Nikiushusha niko sawa kabisa, ila nikianza kuunyanyua kwa pembeni ukikaribia usawa wa bega ndo panawaka moto, nikilazimisha ukapita pale ukaenda juu kabisa panapungua. Usiku siwezi kulalia upande huo. Kuvaa shati shida, kutoa pochi mfuko wa nyuma shida.

Hospitali walipiga eksirei wakasema mfupa uko salama, daktari akaandika impinjimenti, akanielezea kwamba kuna kano zinabanwa chini ya mfupa wa bega, akanipa diklofenaki na kunituma kwa fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kule kwa fizio nalazwa kitandani, analisukumasukuma bega kwa mikono kurudi nyuma na kushuka chini, anachua na mgongo wa juu, mwisho ananiwekea ile mashine yenye jeli. Nikitoka pale mkono unapanda vizuri mpaka nafurahi, nikirudi saiti baada ya siku mbili hali ni ileile. Bima sina, nalipa keshi kila nikienda.

Sasa swali langu, hii ya mikono inatibu kweli au inatuliza tu? Na kuna jamaa saiti ananiambia mwisho wake hiyo ni opresheni, wanakwangua mfupa, bora niende mapema kabla kano haijakatika. Naogopa kisu jamani, na nikikaa nyumbani miezi mkono ukiwa umefungwa watoto watasomaje.

MtotoWaPangani

Pole sana ndugu. Huku kwetu Tanga wazee wanachua na mafuta ya mnyonyo yaliyopashwa moto, halafu unafunikwa na kitambaa cha uvuguvugu, unalala kama mtoto mchanga. Baba yangu alikuwa mvuvi, anavuta nyavu maisha yake yote, bega lilikuwa linamsumbua na mama mmoja pale mtaani ndo alikuwa anamkanda. Ila huyo mama alikuwa na msimamo, mtu akija ameanguka hamgusi mpaka apigwe picha. Tafuta mkandaji mzuri, utaokoa hela.

DadaWaViungo

Kaka RangiTabata pole kwa maumivu, na hongera kwa kueleza vizuri, maana hayo maelezo yako tu ya mkono kuuma katikati ya safari na kupungua ukifika juu ni nusu ya vipimo vyenyewe. Mi ni fizio, mabega ndo nayashika kila siku, ngoja niandike kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwanza kinachoendelea humo ndani. Bega limeshikiliwa na misuli minne midogo ambayo kano zake zinazunguka kichwa cha mfupa wa mkono, kwa pamoja tunaziita rotata kafu. Ile ya juu, supraspinatasi, inapita chini ya paa la mfupa linaloitwa akromioni, na katikati kuna kifuko chenye ute, bursa. Mwaka 1972 daktari mmoja wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba ukinyanyua mkono kano inasuguliwa na lile paa, na akapendekeza kulikwangua. Dunia nzima ikafuata, ndo hiyo opresheni anayoisema rafiki yako wa saiti.

Lakini mambo yamebadilika sana. Uingereza walichukua wagonjwa 313 wenye tatizo kama lako, wengine wakakwanguliwa mfupa, wengine wakaingizwa kamera tu wakafungwa bila kukwanguliwa chochote, wengine hawakufanyiwa kitu. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018. Waliokwanguliwa na walioingizwa kamera tu walikuwa sawasawa, na tofauti yao na wale ambao hawakuguswa ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe asingeiona ya maana. Finland nao mwaka huohuo wakatoa utafiti wao, kukwangua hakukushinda kuingiza kamera tu. Kwahiyo kisu kwa bega la aina yako, ambalo halijaanguka wala kano haijakatika ghafla, siyo kitu cha kukimbilia hata kidogo na mtu asikutishe. Siku hizi wengi wetu hata hilo jina la kubanwa tunalipunguza, tunasema tu ni maumivu ya kano za bega, kwa sababu mara nyingi shida ni kano iliyozidiwa na kazi kuliko uwezo wake. Fundi anayekaa na rola juu kutwa nzima anajua ninachosema.

Sasa mikono ya fizio. Inasaidia, ndiyo, na hicho unachokiona ukitoka pale, mkono unapanda, siyo mawazo yako. Ila elewa kwamba hakuna mfupa uliokuwa umeteguka ukarudishwa mahali pake, na hakuna kano iliyonyooshwa. Kile kusukumasukuma kichwa cha mfupa kurudi nyuma na chini kinapunguza ulinzi wa misuli, na mishipa ya fahamu inapunguza kelele ya maumivu kwa muda, masaa au siku kadhaa. Muda huo ndo dhahabu. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, watu 52, waliopewa mazoezi pamoja na mikono walipata nafuu zaidi ya waliopewa mazoezi peke yake. Umeona, mazoezi PAMOJA na mikono. Australia mwaka 2010 walifanya na watu 120, nusu wakapewa mikono na mazoezi, nusu wakapewa mashine iliyozimwa na jeli isiyo na dawa. Wiki ya 11 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu inayolingana! Lakini ilipofika wiki ya 22 wale wa mikono na mazoezi, ambao waliendelea na mazoezi nyumbani, wakawa na nguvu zaidi na wanautumia mkono vizuri zaidi. Mi hapo ndo najifunza kitu, kilichobaki baada ya mikono kuondoka ni mazoezi.

We ni fundi rangi utanielewa, mikono ni praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Ukipaka praima ukaiacha hivyo hivyo usishangae ukuta kuchubuka.

Kwahiyo mi sikwambii uache, nakwambia ubadilishe unachomwomba. Siku ukienda mwambie, "Dokta, leo nataka unifundishe mazoezi ya kufanya nyumbani na uniandikie yanaongezekaje wiki hadi wiki." Kama anakulaza tu, anakuchua, anakuwekea mashine na kukupa tarehe ya kurudi bila kukusimamisha hata mara moja uone mkono unafanyaje ukiwa na uzito, hapo hela yako haifanyi kazi yote. Na ile mashine ya altrasaundi mi kwa bega nimeshaiacha, ushahidi wake ni dhaifu, bora hizo dakika akushikie mkono ufanye zoezi.

Kaka MtotoWaPangani sikupingi kwenye joto na kuchua kwa upole, vinatuliza na havina madhara, na huyo mama aliyekataa kugusa mtu aliyeanguka alikuwa anajua kazi yake kweli. Ninachokataa ni wale wanaovuta mkono kwa nguvu mpaka ulie "kwaa" wakisema wanarudisha bega. Hilo hapana, hasa kwa mtu mzima ambaye kano zimeshachoka.

mwl_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu, ubao ndio ulinimaliza bega, darasa kubwa inabidi uandike juu kabisa ndio watoto wa nyuma waone. Fizio wangu alikuwa anafanya kitu kimoja sijaona kikitajwa hapa, alikuwa anakusimamisha, anashika kichwa cha bega kwa mbele anakisukuma kwenda nyuma, halafu WEWE ndio unanyanyua mkono huku yeye kashikilia. Na aliniambia mapema kabisa, ukisikia uchungu sema, maana hii haifai kuuma, ikiuma nimeshika vibaya nabadilisha pembe. Nikinyanyua hivyo mara kadhaa halafu akiachilia, mkono ulikuwa unaenda juu nashangaa mwenyewe. Kisha palepale anakupa mpira wa kuvuta, hakuna kulala kitandani.

Kilichonisaidia zaidi ya yote nafikiri ni kwamba alinieleza naweza kufanya zoezi hata kama linauma kidogo. Mimi nilikuwa nimeuficha mkono kama wa kioo, siinui hata kikombe. Ndugu fundi, usiuache mkono kabisa.

Swali kwa DadaWaViungo, ile ya kushika na kunyanyua inaitwaje na mtu anaweza kujifanyia nyumbani?

DadaWaViungo

Asante mwalimu, hiyo ni mtindo wa Brian Mulligan, fizio wa New Zealand, mtaalamu anashikilia kiungo huku mgonjwa mwenyewe anafanya lile tendo linalomuuma. Na alichokwambia ni sheria yenyewe, ikifanywa sawasawa haiumi na mabadiliko unayaona hapohapo, usipoyaona hiyo siyo dawa yako tuendelee na jingine. Ndo maana mi naipenda kwa watu wa kazi, inamwonesha mtu kwamba mkono wake unaweza. Nyumbani wengine wanatumia mkanda mpana kuzunguka bega, mtu wa pili akauvuta kwa nyuma, ila nashauri mwenye kukufundisha akuoneshe kwanza kwa macho.

RangiTabata

Dada asante sana, nimesoma mara mbilimbili. Hiyo ya opresheni umenitoa mzigo. Sasa naomba uniambie hayo mazoezi ni yapi hasa, na je nikiwa nafanya niache kazi? Maana kuacha siwezi, nina nyumba ya mtu Goba natakiwa nimalize. Na yakiuma nijuaje kwamba naumia au napona?

DadaWaViungo

Kaka sijakushika kwahiyo fizio wako ndo ataamua, ila kwa ujumla huwa naanza hivi.

Kama bega lina moto sana naanza na kusukuma bila kusogea. Simama pembeni ya ukuta, kiwiko kimekunjwa kiko ubavuni, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kwenda nje, shikilia sekunde kama 30 mpaka 45, pumzika, rudia mara nne tano. Watu wengi hii inawatuliza bila kidonge. Likipoa kidogo nahamia kwenye mpira, na huna haja ya kununua wa dukani, tyubu ya baiskeli iliyochanwa inatosha, ifunge kwenye nondo ya dirisha, kiwiko ubavuni umeweka taulo lililokunjwa kati ya mkono na mbavu, vuta kwenda nje taratibu, rudi taratibu zaidi ya ulivyoenda. Halafu kuvuta kwa nyuma kama unapiga makasia, na kusukuma ukuta kama pushapu ya kusimama, ukifika mwisho ongeza kidogo ile mbavu na bawa la bega vitanuke. Ukimaliza hizo bila shida ndo tunaanza kwenda juu, kuteleza mikono ukutani, kisha kunyanyua chupa ya maji ya nusu lita, baadaye ya lita moja na nusu. We kazi yako iko juu ya kichwa, kwahiyo mazoezi yakikomea kiunoni hujamaliza, kano lazima izoeshwe kulekule itakakofanya kazi. Hapa ndo wengi wanakatishwa njiani, maumivu yakipungua wanaacha, na mzigo wa kwanza mkubwa saiti unalirudisha.

Kuhusu kuuma, mi natumia hivi, kama sifuri ni hakuna na kumi ni balaa, ikiwa nne wakati wa zoezi ni sawa, mradi kesho asubuhi iwe imerudi ilipokuwa. Ikiamka imepanda, jana ulizidisha, punguza uzito au idadi, usiache kabisa. Jipe wiki 12, siyo siku 12. Mtu anayekuahidi wiki moja anakudanganya.

Kazi usiache ila ipange. Rola weka mti mrefu ili mikono ibaki mbele ya kifua badala ya juu ya kichwa, jukwaa lipandishe siling iwe karibu na uso, na usipige siling siku nzima mfululizo, changanya na milango na kuta za chini, asubuhi siling mchana skateni, ile mipaka ya chini ya ukuta. Mkono wa kushoto nao ufundishe rola. Na ndoo ya lita 20 usiinue kwa mkono ulionyooka pembeni.

Kuhusu hela, hili nataka ulishike. Uingereza walifanya tena utafiti mkubwa, watu 708, ukatoka 2021 kwenye Lancet. Kundi moja lilienda kwa fizio mpaka mara sita, jingine lilikutana naye mara moja tu, likapewa maelezo mazuri na mazoezi ya nyumbani. Mwaka mzima walifuatiliwa na hawakutofautiana. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nayo waliijaribu mlemle, ilitoa nafuu kidogo miezi miwili ya mwanzo halafu ikaisha. Mi mwenyewe naishi kwa hela ya wagonjwa kurudi lakini siwezi kukuficha hilo. Kwa mtu anayelipa keshi kama wewe, nenda mara chache zenye kazi, akushike, akufundishe, akuone baada ya wiki tatu akuongezee, basi. Na hizo diklofenaki usizifanye chakula, zinaharibu tumbo na figo, ukiwa na presha ndo kabisa.

bibi_Harusi_Moro

Samahani kuingilia, mimi ni mama wa miaka 56 nina sukari. Bega langu la kushoto lilianza hivyohivyo kama la huyu kaka, sasa hivi haliendi popote, hata binti yangu akinisaidia kulinyanyua linagoma. Nifanye haya ya mpira?

DadaWaViungo

Shikamoo mama. Hapana, subiri kwanza. La kaka RangiTabata linauma ila mtu mwingine akiunyanyua mkono wake unafika. La kwako kama hata kwa kusaidiwa linagoma, hiyo inafanana zaidi na bega kuganda, na wenye sukari linawapata zaidi ya watu wengine. Jipime hivi, weka viwiko vyote viwili ubavuni umekunja nyuzi 90, fungua mikono kwenda nje kama unafungua milango miwili. Kama wa kushoto hauendi kabisa ukilinganisha na wa kulia, muoneshe daktari, na sukari yako ipimwe vizuri. Hapo sindano ndani ya kiungo inaweza kusaidia zaidi mwanzoni, ila steroidi inapandisha sukari kwa siku kadhaa kwahiyo lazima aliyekuchoma ajue. Kunyoosha kwa nguvu wakati bado lina moto ndo kunalichokoza.

Na kwa sababu ni la kushoto naomba niulize, halina uhusiano na kifua? Yaani linauma ukipanda ngazi au ukitembea haraka, kifua kinabana, jasho linatoka? Kama ndiyo, usisubiri kliniki ya viungo, nenda hospitali leo hiihii.

bibi_Harusi_Moro

Marahaba mwanangu. Hapana kifua kiko salama, ni bega tu na kuvaa gauni. Kesho naenda kliniki ya sukari nitamwambia daktari hapohapo. Mungu akubariki.

mwl_Kisauni

Ningeomba pia uweke wazi ni dalili zipi mtu akiona asijifanyie mazoezi, maana huu uzi wengi watausoma.

DadaWaViungo

Kweli mwalimu. Ukianguka au ukavutwa mkono na ghafla ukashindwa kuunyanyua, hata kama maumivu siyo makubwa, hiyo kano inaweza kuwa imekatika, kamuone daktari wa mifupa mapema, hapo opresheni inaweza kuwa na maana kweli na kuchelewa kunaharibu. Bega likivimba likawa jekundu na una homa. Maumivu yasiyobadilika usiku na mchana hata ukiwa umetulia, na unapungua uzito. Na kama kuna ganzi au shoti inashuka mpaka vidoleni, shingo ichunguzwe kwanza.

RangiTabata

Nimeenda leo. Nimemwambia fizio vilevile kama ulivyonielekeza dada, na kusema kweli amefurahi, kasema wengi wakipewa mazoezi hawafanyi ndo maana alishaacha kusisitiza. Kanisimamisha, kanishika ile ya mwalimu ya kusukuma kwa mbele, mkono ukapanda pale panapowaka bila moto, halafu kanipa mpira hapohapo. Mashine leo hakuweka. Kaniambia nirudi baada ya wiki tatu, siyo kesho kutwa. Tyubu nimechukua kwa fundi baiskeli hapa mtaani kanipa bure. Kitu kimoja sijaelewa, kusukuma ukuta nifanye asubuhi kabla ya kazi au jioni nikirudi?

DadaWaViungo

Safi sana, na mpe salamu huyo fizio. Kule kusukuma bila kusogea fanya asubuhi kabla hujashika rola, na mchana ukipumzika pia unaweza. Ya mpira weka jioni, siku moja ndiyo siku moja hapana, na siku ya siling ndefu ruka kabisa.